Ukurasa wa Wanaotafutwa

Alhamisi, 27 Novemba
Mvua ya kwanza. Imepiga alasiri, kumbikumbi wakajaa dukani mpaka nikazima taa. Mwanangu Munira amewaokota bakuli zima, nitamkaangia usiku. Huu ni msimu wa mvua wa tatu tangu mume wangu Masoudi avuke Ruvuma kwenda machimboni Msumbiji, na wa pili bila hata simu yake. Watu wa hapa Ruangwa wameacha kuniuliza. Wananunua karatasi zao, wanatoa kopi za vyeti, wanaondoka.

Jumapili, 30 Novemba
Leo alikuja mzee mmoja kutoka Mnero, Nachingwea. Jina lake Kornel. Alitaka nimtolee kopi nyingi za picha ya mwanawe Gabrieli, akazibandike kwenye stendi na milango ya mabasi. Gabrieli naye alivuka kwenda kuchimba. Juu ya picha mzee aliandika kwa kalamu nene: ANATAFUTWA. Mvua ilikuwa inanyesha, na nikamwona akizivika zile karatasi mfuko wa nailoni kama anafunika mtoto.

Nikamwambia, "Baba, hizi zitaloa zote kabla hujafika Nachingwea."

"Sasa nifanyeje, mama? Kukaa nimeshakaa."

Baada ya kuondoka nimefikiria sana. Karatasi inaloa. Ukurasa wa mtandaoni hauloi. Chuoni tulifundishwa kuandika kurasa kwa mkono, alama moja moja, kwenye notipadi, programu ile tupu ya maandishi. Sijaigusa kazi hiyo tangu nimalize, lakini naikumbuka.

Jumatano, 3 Desemba
Nimeanza. Neno unalifungua kwa alama na kulifunga kwa alama. Ukisahau kufunga, kila kinachofuata kinaharibika. Umeme umekatika mara kwa mara, ila laptopu ina chaji kidogo na notipadi haihitaji bando. Naandika gizani kama kipofu anayesuka mkeka.

Jumanne, 9 Desemba
Ukurasa uko hewani. Picha ya Masoudi mwenye kofia ya bluu, picha ya Gabrieli, jina, kijiji, na chini ya kila picha namba yangu ya simu kwa herufi kubwa. Kwenye simu ndogo ya jirani umefunguka kabla sijahesabu mbili. Nimempigia Mzee Kornel. Akasema, "Kwa hiyo hata aliye Msumbiji anaweza kumwona mwanangu?" Nikasema anaweza. Sikujua kama ni kweli, lakini nilisema.

Jumamosi, 13 Desemba
Faridi amerudi kutoka Dar, amemaliza chuo. Ni mtoto wa baba mdogo wa Masoudi, kwa hiyo ananiita shem. Ameomba kona ya duka aweke kompyuta yake, nami nimekubali. Nilimwonyesha ukurasa. Alicheka, kisha akajizuia.

"Shem, usikasirike. Huu ukurasa uko kama tangazo la msiba."

Nimekasirika. Kijana anavaa viatu vyeupe kwenye tope la Ruangwa, halafu ananifundisha msiba.

Jumanne, 16 Desemba
Tumebishana siku nzima. Yeye ana programu ya mtandaoni, huandiki alama hata moja. Unaburuta picha unaidondosha unapotaka, rangi unachagua, na kuna kisanduku ambamo mtu akimtambua ndugu anaandika ujumbe papo hapo. Mimi nikasema ukurasa wa namna ile ni mzito, mtu aliyeko porini na simu ndogo utamshinda. Yeye akasema mtu aliyeko porini hatapiga simu ya nchi nyingine kwa pesa zake, ila ataandika ujumbe.

Nilimuuliza, "Na namba zangu?"

"Namba inachafua, shem. Na matapeli watakusumbua kila siku. Kisanduku kinatosha."

Jumamosi, 20 Desemba
Nimekubali, na nataka nieleze kwa nini, maana kesho nitasahau.

Mama mkwe alikuja kutoka Nkowe kwa bodaboda, amelowa mpaka kanga ya ndani. Haelewani nami tangu Masoudi aondoke. Anaamini nilimsukuma kwa kutaka duka. Faridi alikuwa ameshatengeneza mfano wake, akamwita, "Mama mkubwa, njoo uone." Picha ya Masoudi ikajaa kioo kizima, kila unywele wa kidevu unaonekana. Kwenye ukurasa wangu picha ile niliifanya ndogo ili iwe nyepesi.

Mama mkwe alijifunika kanga kichwani vizuri kama anayeingia kwa wageni. Akatazama. Akasema kwa Kimwera maneno ambayo sikuyashika, kisha kwa Kiswahili chake, "Mwanangu amekonda hapa. Mlikuwa hamumpi chakula?" Halafu akacheka. Tangu nimwoe mwanawe, samahani, tangu mwanawe anioe, sijamwona akicheka mbele yangu. Akaketi kwenye kiti changu hadi adhuhuri.

Baada ya hapo ningesemaje kwamba picha ndogo ni bora? Nilibonyeza mwenyewe, ukurasa wa Faridi ukaenda hewani, bila namba. Ukurasa wa zamani nimeufuta, watu wasichanganyikiwe.

Jumatatu, 5 Januari
Wanakuja. Kutoka Malolo, kutoka Nkowe, kutoka vijiji ambavyo sijawahi kufika. Mama mmoja, Teodosia, ana watoto wawili wamepotea na picha moja tu ambayo wamesimama pamoja. Faridi ameikata mara mbili kwa ustadi, ukiangalia kila mmoja unaona bega la mwenzake. Tunaingiza majina moja kwa moja kwenye programu. Hatuandiki pembeni. Faridi anasema inajihifadhi yenyewe.

Jumatano, 7 Januari
Mvua. Hakuna wateja. Nimepanda bamia nyuma ya duka.

Jumatano, 14 Januari
Anwani yetu imesambaa kwenye makundi ya simu mpaka Newala na Tunduru. Faridi anaitwa fundi kila anapopita stendi. Nilimdhania kijana wa kujionyesha. Leo nimemkuta amepiga magoti mbele ya babu mmoja asiyesikia vizuri, anamuuliza alama ya mwanawe, anarudia, anarudia, hana haraka. Viatu vyake havina weupe tena. Masoudi angempenda zaidi ya nilivyompenda mimi.

Jumatatu, 2 Februari
Nitaandika kama ilivyo.

Asubuhi Faridi alifungua kisanduku cha ujumbe. Chini ya picha ya Masoudi mtu ameandika: "Huyu wa kofia ya bluu namjua. Tulikuwa kambi moja. Leo natoka kutafuta njia nimemwacha mzima ila mguu umeumia. Simu hii si yangu. Nitaandika tena hapahapa."

Hakuweka jina wala namba. Faridi aliniita. Nilisoma nimesimama. Nikasoma nimekaa. Kisha nikatoka nje nikasimama kwenye mvua, mwenye duka la jirani akadhani nimefiwa.

Tumejibu: "Mwambie Masoudi mkewe yupo, mama yake yupo, Munira yupo. Tuambie mlipo." Nimepanda bodaboda hadi Nkowe. Nimeanguka mara moja kwenye utelezi. Mama mkwe alikuwa shambani anapalilia. Nilimpigia kelele kutoka barabarani, akatupa jembe. Tulikaa kwenye tope, tumeshikana.

Jumanne, 3 Februari
Hakuna ujumbe.

Alhamisi, 5 Februari
Hakuna ujumbe. Mama mkwe amehamia kwangu. Kila Faridi akifungua mashine, anauliza, "Amesema?"

Jumapili, 8 Februari
Upepo mkali usiku kucha. Nguzo za umeme zimeanguka njia ya Nachingwea. Mtandao nao umekwenda. Mama mkwe anasema tusubiri tu, anayeandika naye yuko kwenye mvua hiyohiyo.

Alhamisi, 12 Februari
Umeme umerudi leo mchana. Nilimwacha Faridi afungue yeye, mimi nilikuwa namhudumia mwalimu aliyetaka kopi. Nikaona ametulia mno. Kwenye kioo hakuna Masoudi, hakuna Gabrieli, hakuna watoto wa Teodosia. Kuna ukurasa mweupe na sentensi moja ya Kiingereza. Nikamwambia anisomee.

"Huduma hii imefungwa, shem."

"Imefungwa na nani?"

"Na wenyewe. Kampuni imeacha hiyo kazi. Imefunga kurasa zote za watu wote."

Walituma taarifa. Tena nyingi, tangu Desemba, wakisema kila mtu achukue vitu vyake kabla ya siku fulani. Zilikwenda kwenye barua pepe ya Faridi ya chuoni, ambayo hakuifungua tangu amalize. Alipoifungua mbele yangu, zilikuwa zimepangana pale, moja juu ya nyingine, zinatungoja.

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika yote. Nilimwambia amemzika kaka yake kwa rangi na vidubwasha. Nilimwambia arudi Dar akawapambie maharusi. Mwalimu aliacha kopi zake akaondoka. Mama mkwe alikuwa mlangoni, haelewi, anauliza, "Ameandika? Ameandika nini?" Faridi alilia kama mtoto, kamasi, kila kitu. Akasema, "Nitawaandikia, shem, nitawaomba." Akawaandikia. Jibu lilirudi papo hapo, si la mtu, la mashine, linashukuru kwa kuwasiliana.

Niliyekubali ni mimi. Lakini leo sikulisema hilo.

Ijumaa, 13 Februari
Duka halikufunguliwa.

Alhamisi, 19 Februari
Tumefunga, Ramadhani ya kwanza. Nimerudi kwenye notipadi. Faili la zamani lilikuwa bado kwenye flashi, lenye watu wawili tu. Wengine naandika upya, kwa kumbukumbu na kwa kuwapigia ndugu. Picha za wengi zilikuwa humohumo kwenye programu, na simu zilizozileta zimeshakufa au zimeuzwa. Teodosia alikuja. Nilipomweleza, alisema, "Ile ya pamoja ndiyo ilikuwa hiyo tu, mama Munira. Nilimpa Faridi, akanirudishia, ikalowa." Kisha akaniomba maji, akakumbuka mimi nimefunga, akaniomba radhi. Yeye ndiye aliyeniomba radhi.

Jumapili, 1 Machi
Ukurasa mpya uko hewani. Una namba yangu, kila mahali. Lakini anwani si ile. Ile tuliyoisambaza kote, watu wanaibonyeza wanakuta ukuta. Tunatuma mpya kwenye makundi, inamezwa na meseji za biashara na mahubiri. Na yule aliyesema ataandika tena hapahapa, hapahapa pake hapapo.

Jumatatu, 9 Machi
Faridi amekuja na daftari la kujifunzia. Hakusalimia sana. Amesema, "Nifundishe kwa mkono." Nimemfundisha bila kumtazama. Alisahau kufunga alama moja, ukurasa wote ukageuka herufi nene. Zamani angecheka. Alikaa akitafuta mstari kwa mstari mpaka adhana ya magharibi, akapata, akafunga, ndipo akafuturu.

Jumamosi, 21 Machi
Idi. Munira amevaa gauni la mwaka jana. Mama mkwe alimtengea Masoudi sahani. Hakuna aliyeigusa wala aliyeiondoa.

Jumanne, 24 Machi
Faridi ameondoka alfajiri. Atapita Nachingwea, Masasi, mpaka Mtambaswala, kwenye daraja la kuvukia Msumbiji, na huko atashuka vijiji vya kando ya mto. Amechukua picha zote zilizobaki, amezichapa. Nimemwambia si lazima. Akasema, "Nikikaa hapa nitakufa, shem." Mzee Kornel amempa shuka ya kujifunika na namba ya padri mmoja wa huko.

Jumamosi, 28 Machi
Simu ya Faridi haipatikani. Mvua kubwa tena. Bamia zimeoza.

Jumatatu, 6 Aprili
Jumatatu ya Pasaka kwa wenzetu. Mzee Kornel ametuletea kuku kutoka Mnero, mzima, miguu imefungwa. Hakusema neno kuhusu Gabrieli. Alikaa kidogo, akatazama barabara inayotoka Nachingwea, akaaga.

Ijumaa, 10 Aprili
Faridi amerudi. Hakurudi peke yake.

Walishuka stendi adhuhuri, yeye na mtu mwembamba, macho ya njano, jina lake Abubakary, asili yake Tunduru. Faridi hakuingia dukani. Alisimama barazani, akasema, "Shem, mwite mama mkubwa. Na umpeleke Munira kwa jirani." Hapo nilishajua. Bado nilimwosha Munira uso, nikamvalisha ndala, nikampeleka polepole.

Abubakary ndiye aliyetuandikia. Alizungumza akitazama miguu yake.

"Mama, mwanao alikuwa na kidonda mguuni. Shimo lilimwangukia. Nilimtoa kambini kwa mkokoteni, tukafika kijiji cha kando ya mto, upande wa kule. Mto umejaa, mitumbwi imegoma. Tukakaa kwa mwenyeji mmoja, tunangoja maji yapungue. Kule ndiko nilikoazima simu, nikaona picha, nikaandika. Mkajibu. Nikamsomea, ila mwenye simu akaitaka kabla sijawaandikia tulipo. Alifurahi sana. Alisema, mke wangu ndiye ametengeneza hiyo, anajua kompyuta."

Mama mkwe akauliza, "Halafu?"

"Halafu kidonda kikageuka. Homa ikampanda kichwani. Nikatafuta simu tena niwaambie mje, au mtume mtu wa upande ule mwenye dawa. Nikafungua, nikakuta pamefungwa. Nikajaribu kesho yake. Nikamuuliza namba, akataja, lakini zikawa pungufu, mara anataja hizi mara zile. Nikajaribu kukumbuka kama niliziona kwenye picha. Hazikuwepo."

Faridi alikuwa ameegemea nguzo. Ndiye aliyesema, si Abubakary: "Namba nilizitoa mimi, mama mkubwa. Shem alizitaka. Mimi ndiye niliyesema zinachafua."

Faridi alikwishamsikia Abubakary akiyasema hayo huko mtoni. Angeweza kurudi na habari ya kifo tu, ingetosha. Amesafiri na mtu huyu njia nzima ili aje asikike.

Nilimuuliza Abubakary, "Kama tungejua, tungefika?"

"Sijui, mama. Maji yalikuwa mengi. Sijui."

Masoudi alizikwa kule, kwenye kilima, na watu ambao hawakumjua. Mama mkwe hakupiga yowe. Akamwambia Faridi, "Hujala. Ingia ndani ule." Faridi hakuiachia nguzo, Abubakary akamshika mkono.

Mimi sijui ninachohisi juu ya Faridi. Nilitafuta chuki, nikakuta uchovu. Kidole kilichobonyeza kilikuwa changu, na nilibonyeza kwa sababu mama yake Masoudi alicheka. Ningekuwa na siku ile tena, na kicheko kile tena, naogopa ningebonyeza.

Jumapili, 12 Aprili
Shehe amewasikiliza Abubakary na wazee. Amesema kifo kimethibitika, na nikae eda. Baada ya khitma nitakaa Nkowe, kwa mama mkwe. Yeye ndiye aliyesema, "Atakaa kwangu. Ni mwanangu."

Mzee Kornel alikuja kutoa pole. Alimuuliza Abubakary kuhusu Gabrieli, akamwonyesha picha. Abubakary akaitazama, akatikisa kichwa. Hakumjua. Nikaona uso wa mzee, na sikuweza kutambua kama alifarijika au la. Aliniambia, "Wa kwangu mwache vilevile."

Ijumaa, 17 Aprili
Khitma imesomwa baada ya swala. Mvua inakatika, mbaazi zimesimama vizuri mwaka huu. Kesho nakwenda Nkowe. Duka na ukurasa namwachia Faridi. Simu yenye namba ile pia namwachia, atapokea yeye.

Alikuwa amefungua faili. "Shem, kwa kaka niandikeje?"

"Niachie hapo."

Mama mkwe alivuta kiti karibu yangu. Hajui kusoma. Nikaushuka ukurasa alama kwa alama mpaka nikafika kwa Masoudi. Nikafuta "Anatafutwa", herufi moja moja, kutoka mwisho kwenda mwanzo. Nikaandika lile jingine, "Marehemu". Nikalifunga.

"Umeandika?" akauliza.

"Nimeandika, mama."

"Ni lipi?"

Nikashika kidole chake nikakiweka chini ya neno. Alikiacha pale. Akalipima kutoka upande huu hadi upande ule, taratibu, kama anayepima kitambaa.

"Mbona dogo hivi," akasema.